Kata Kidogo Kushoto

Jumamosi saa tatu na nusu asubuhi, mpigapicha aliyejulikana mtandaoni kwa jina la Mkasi alikuwa amekaa sebuleni kwake na kikombe cha chai, mkate uliopakwa siagi upande mmoja, na picha tatu za watu alizotakiwa kuzikosoa. Ndiyo iliyokuwa sheria ya Ukumbi, lile jumba la picha la mtandaoni lenye wanachama karibu elfu tano: hupandishi picha yako moja kabla hujatoa maoni kwenye tatu za wenzako. Wengi waliimaliza sheria hiyo kwa kuandika "nzuri" mara tatu na kwenda zao. Mkasi hakuwa wa hivyo. Kila picha aliitazama dakika nne kamili, akiisogelea skrini mpaka pua ikaribie kuigusa, kisha akaandika kwa mpangilio unaotakiwa, yaani kusifu, kukosoa, kusifu tena.

"Hongera kwa kazi," aliandika chini ya picha ya kituo cha treni alfajiri. "Ila kushoto kuna mzee mwenye ufagio, anavuta jicho bila sababu. Kata kidogo kushoto. Ukungu umekaa vizuri."

Picha ya pili ilikuwa ya fundi aliyepanda ngazi kupaka bango rangi. "Hongera. Huyo anayeshikilia ngazi hana kazi yoyote hapa. Kata. Bluu imependeza." Ya tatu ilikuwa ya bibi harusi bustanini. "Hongera. Pembeni naona mkono wa mtu na kibao cheupe cha kurudisha mwanga. Kata. Uso umeng'aa vizuri mno."

Akamalizia mkate wake kwa roho safi.

Mtu asimwonee bure kwa jicho lake hilo. Mchana kutwa alipiga picha za pasipoti katika chumba cha mita mbili kwa tatu, ubavuni mwa ofisi ya leseni, na kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka ishirini na mmoja. Vua kofia. Toa miwani. Mtoto ashuke. Usicheke. Ukiishi hivyo miaka ishirini na mmoja, kila kitu kisicho uso unakiona kama uchafu. Pale kazini hakuna aliyemwambia hata ahsante, maana nani amewahi kuipenda picha yake ya pasipoti? Lakini Ukumbini alikuwa simba. Jina la Mkasi alipewa na wenzake, naye alijifanya halipendi.

Heshima yake yote ilitokana na picha moja aliyoipiga miaka sita nyuma, iliyoitwa "Baba Dirishani." Ilimwonyesha baba yake, mwaka wake wa mwisho, amekaa kitini karibu na dirisha na miwani mapajani, mwanga laini ukimwagika usoni. Mkono wake wa kushoto uliishia kwenye ukingo wa picha, na wahakiki waliandika kurasa nzima kuhusu kile ambacho mkono ule ulikuwa unakitafuta. Wote waliuliza habari ya mwanga. Mkasi alikuwa na jibu moja tu. "Mwanga," alisema, "ni kusubiri."

Picha hiyo ilitundikwa sebuleni, na hata sebule yenyewe ilikuwa na mwanga wa ajabu. Nyumba ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la fotokopi, na dirisha lake la pekee lilitazama ukuta wa ghala, karibu kiasi cha kuugusa kwa mkono. Kwa haki ilipaswa kuwa giza. Badala yake ilijaa mwanga wa saa kumi alasiri siku nzima. Mkasi aliamini mwanga humfuata mwenye jicho. Mkewe, ambaye ni muuguzi wa zamu, aliamini kwamba taa zinamgharimu kidogo, akaacha mambo hayo hapo. Kulikuwa pia na kitambaa cheupe kilichochomoza juu ya kabati kubwa la vyombo, ambacho kila mmoja kati yao alidhani mwenzake ndiye aliyekiweka.

Kila Jumapili dada yake mkubwa alimpigia simu. Huyu ndiye aliyemuuguza baba yao miaka saba mpaka siku ya mwisho, na mazungumzo yake yalikuwa na mambo mawili. La kwanza lilikuwa mabega. Yalimwanza wiki ileile ya ile picha, yakagoma kupona. Madaktari walipima, wakapiga eksirei, wakaandika kwamba mabega ni mazima. Siku hizi hakuweza kuinua mikono hata kujichana nywele, alichanwa na jirani. La pili lilikuwa picha.

"Mdogo wangu, mimi nilikuwepo siku ile. Sina hata picha moja niko na Baba. Nitafutie ile ambayo hujaikata."

"Ulikuwepo, dada, sikatai. Lakini picha haikukuhitaji."

"Sijauliza kama ilinihitaji. Nimeuliza iko wapi."

Haikuwepo. Mkasi alikuwa na msimamo: akishakata, kilichobaki nje hufutwa, ili asije akashawishika kukirudisha. Alijua kumwambia hivyo kungemuumiza, kwa hiyo kila Jumapili alisema ataitafuta, na kumshauri abadilishe mto.

Jumamosi hiyo, saa nne kamili, mlango uligongwa.

Mkewe alifungua. Aliyegonga alikuwa mzee wa magwanda ya kijivu, ameinama mgongo, ufagio mkononi. Miguuni alizungukwa na ukungu, na hewa iliyomzunguka ilikuwa ya alfajiri.

"Shikamoo mzee. Unamtafuta nani?"

"Marahaba mwanangu. Ninamtafuta aliyesema nikatwe."

"Ni mume wangu. Pita. Futa miguu hapo."

Mzee akafuta miguu, akaingia, akasimama kwenye kona karibu na redio. Ukungu ulimfuata, na mkewe Mkasi akaiondoa redio mapema isije ikaingia maji.

Mambo yalieleweka upesi. Kwa miaka mingi wanachama walimshukuru Mkasi kwa ushauri wake na kuupuuza, kama ilivyo kawaida ya watu wanaoomba ushauri. Mwezi huo Ukumbi ulikuwa umeweka kitufe kipya kilichoandikwa TEKELEZA, ukikibonyeza picha inajikata yenyewe. Mwenye picha ya kituo cha treni alibonyeza saa tatu na dakika hamsini. Mzee hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Mfagiaji mwenyewe, alieleza, yule wa mwili na damu, bado yuko kituoni anafagia. Yeye ni yule wa pichani. Kilichomsumbua ni kwamba alipigwa picha ameinama, na asipoinuka yeye, mwenzake kule hainuki sawasawa.

"Kuna mtu alikwambia usitikisike?" mkewe Mkasi aliuliza.

"Hapana. Hakuna aliyejua kama nipo."

"Basi inuka, mzee wangu."

Mzee akainuka. Mgongo ulilia mara tatu. Akasema mwenzake atashukuru sana, akaomba maji ya kunywa.

Jumatatu alifika mshika ngazi, mikono juu, akiwa na vipande viwili vya mbao viganjani. Hakuwa na kinyongo ila wasiwasi. "Shemeji," alimwambia mkewe Mkasi, "yule fundi ni mzito, na sasa sijui kashikiliwa na nani." Jumanne ulifika mkono wa bibi harusi, yaani mkono uliokuwa ukimshikia bibi harusi kibao. Ulikuja peke yake, kuanzia kwenye kifundo, na uligonga mlango kwa kibao.

Hapo ndipo Mkasi alipokasirika kwa mara ya kwanza. "Nani kakata kwenye kifundo?" alifoka. "Mtu hakatwi kwenye kiungo! Ni somo la kwanza kabisa! Hawa vijana wanafundishwa na nani?"

Mkewe aliitazama ile picha ya baba mkwe wake ukutani, akaitazama pale mkono wa kushoto unapoishia, kisha akauweka mgeni wao mdogo kwenye rafu, kati ya saa na kopo la sukari.

Kule Ukumbini mambo yaliendelea bila wao. Ngazi ilianza kuinama, digrii chache kila siku, na uso wa fundi ukawa uso wa mtu aliyekumbuka jambo. Wanachama waliusifu mlalo huo wenye nguvu. Bibi harusi naye aligeuka kijivu usoni, akapata mioyo mia tatu kwa kuonyesha huzuni nzito ya ndoa.

Katika wiki tatu nyumba ilikuwa na wageni kumi na moja na mkono. Alikuwemo mwanamke mwenye ndoo aliyekatwa kwenye picha ya chemchemi, dereva aliyelala kwenye usukani, mabinti wawili waliokuwa wakilikunja zulia baada ya sherehe, na mlinzi ambaye hata hapa hakukubali kukaa. Kila mmoja alikuja na saa yake. Mkewe Mkasi alishazoea wodi yenye wagonjwa wengi kuliko vitanda, hivyo aliwaandika wote kwenye karatasi, akawapangia sehemu kulingana na mwanga wao. Mwanamke mwenye ndoo alikuwa wa saa sita mchana mkali, akapewa nafasi karibu na kiti cha kushonea. Kona ya mzee ilikuwa alfajiri daima, na mkewe Mkasi akitoka zamu alijinyoosha pale akalala nusu saa kama mtoto. Hakuna aliyelalamika isipokuwa Mkasi, aliyesema hana mahali pa kuweka miguu.

"Acha kukata basi," mkewe alimwambia.

"Siwezi kuona kosa nikanyamaza. Hiyo si hulka yangu."

"Kosa? Mzee wa watu ni kosa?"

"Kwenye picha, ndiyo."

"Samahani, mzee," mkewe akasema kuelekea kwenye ukungu.

"Hamna neno," mzee akajibu. "Hata kituoni huniambia nipishe."

Wiki ya nne ililetwa barua iliyomfanya Mkasi apande juu ya kiti na kushuka tena bila sababu. Kamati ya Ukumbi ilikuwa imemteua kuwa Mhakiki Mkuu. Cheo hicho hakikuwa na mshahara, lakini kilikuwa na nyota ya dhahabu pembeni mwa jina, na kilikuwa na nguvu: ushauri wa Mhakiki Mkuu hautasubiri tena mwenye picha abonyeze kitufe. Atabonyeza mwenyewe. Kamati ingemhoji kwa video Jumamosi saa nne asubuhi, wanachama wote wakitazama, na waliomba wamwone sebuleni kwake, ndani ya ule mwanga unaosemwa.

Kichwa kilimvimba, na nani angemlaumu? Miaka ishirini na mmoja ya vua kofia, toa miwani. Jumatano alinunua shati jipya. Alhamisi asubuhi mkewe alianza kupanga sebule, na kwa kuwa wageni kumi na moja na mkono walihitaji mahali pa kukaa wasionekane, mlinzi na mshika ngazi walilisogeza kabati la vyombo.

Nyuma ya kabati alikuwa amesimama dada yake Mkasi.

Alikuwa na gauni la kijani na nywele nyeusi za miaka sita iliyopita. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu kabisa ya kichwa, imeshika pembe za shuka jeupe lililotandazwa, na kwenye shuka hilo liliwaka jua la saa kumi la siku ile, likirudi sebuleni taratibu. Kiunoni, kwenye pindo la mfuko wa gauni, palikuwa na mkono wa mzee mwingine uliomng'ang'ania. Ulianzia kwenye kifundo.

"Wifi," mkewe Mkasi alisema. "Umekuwa hapa muda wote huu?"

"Tangu siku ile."

"Mbona hukubisha hodi?"

"Nibishe hodi kwa mdogo wangu?" Alisogeza macho tu, kichwa hakikutikisika. "Ameshapiga?"

Mkewe alivuta kiti, akakaa. Miaka sita alikuwa ameandika dawa za kuchua za yale mabega, dawa za kumeza, mazoezi ya kamba, na mabega yenyewe yalikuwa nyuma ya sahani zake. Alijisikia vibaya sana. "Shusha mikono, wifi yangu," alisema. "Ilishapigwa zamani."

"Siwezi. Aliniambia, usitikisike mpaka nikwambie ushushe. Namsubiri yeye."

Mkewe akamwita mumewe, halafu akampigia simu dada mtu.

Dada mtu alifika saa tisa alasiri, yule wa mwili na damu, kichwa cheupe, mikono ikining'inia. Aliamkiwa na wote, akaitikia wote, akapewa kiti na hakukikalia. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya kabati. Wanawake wawili walitazamana kwa namna ya watu waliosoma darasa moja.

"Gauni hilo lilichanika," yule mkubwa alisema.

"Wapi?"

"Kwapani. Mwaka uliofuata."

Kisha akauona mkono. Aliutambua kabla hajausogelea, kwa zile kucha ambazo alizikata mwenyewe asubuhi ile, na moja aliikata vibaya akaombwa msamaha na mgonjwa badala ya kuomba yeye. Akakumbuka siku nzima ilivyokuwa. Baba hakuweza tena kukaa wima bila kushika kitu. Kwa hiyo alimshika yeye, mfukoni, saa nzima, huku yeye ameinua shuka na mdogo wake akisema bado kidogo, bado kidogo. Hicho ndicho mkono ule ulikuwa unakitafuta, na ulikuwa umekipata. Alipiga magoti kwa shida, akaweka shavu lake kwenye ule mkono, akalia kwa sauti. Ulikuwa bado una joto. Mzee mwenye ufagio akageuza uso ukutani, na mabinti wa zulia wakakosa pa kutazama.

Alipomaliza kulia alisema, "Mdogo wangu. Mwambie ashushe."

Mkasi alikuwa amesimama katikati ya sebule na shati lake jipya mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Dada huyu ndiye aliyembeba mgongoni mpaka shule siku za mvua, na alimpenda, na neno lenyewe lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Akafungua kinywa. Kisha akatazama jinsi mwanga ulivyokuwa umelala kwenye meza, kwenye kiti, kwenye ukuta atakaokaa mbele yake keshokutwa.

"Jumamosi," alisema.

"Jumamosi nini?"

"Ikiisha ile video tu namwambia. Dada, amesimama miaka sita. Siku mbili ni nini?"

"Mabega ni yangu."

"Najua. Pole sana. Kaza moyo, paka ile dawa."

Mkewe alimkata jicho ambalo wagonjwa wa wodi nzima wangelielewa. "Ni neno moja," alisema. "Lina herufi sita."

"Jumamosi," Mkasi alirudia, na akaenda kupiga pasi shati.

Dada mtu hakubishana. Alikuwa ameshazoea kumsubiri. Alijikaza, akainua mkono mmoja kadiri ulivyokubali, akashika pembe moja ya shuka ili mwenzake apumzishe upande huo japo kidogo. Mkewe Mkasi alipowaona hivyo alichukua simu yake, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango, akapiga picha. Picha ilitoka mlalo. Ilikuwa na dada wawili na shuka, mkono wa baba katikati yao, kabati, nusu ya mlinzi, ukungu wa mzee, na kidole gumba cha mpigaji juu kulia. Akateremka nayo chini, akaichapisha kwenye mashine ya fotokopi iliyokuwa imeanza kuishiwa wino, ikatoka na michirizi. Dada mtu aliipokea kwa mikono yote miwili.

"Niko na Baba," alisema.

Akaitia mkobani, akaondoka na basi la saa kumi na moja.

Jumamosi mahojiano yalikwenda vizuri kupita kiasi. Wajumbe watatu wa kamati walionekana kwenye skrini, kila mmoja mbele ya rafu ya vitabu, wakakubaliana kwamba mwanga wa namna ile hawajauona. Wageni kumi na moja walikaa kimya nje ya picha. Hakuna mtu ulimwenguni aliyejua kama wao fremu inaishia wapi, na hata mlinzi alirudi nyuma nusu hatua bila kuambiwa. Mkono wa bibi harusi, pale kwenye rafu, uliinua kibao chake kidogo kwa mazoea.

"Tuambie siri, Mhakiki Mkuu," mwenyekiti aliomba. "Mwanga huu unaupataje?"

"Ni kusubiri," alisema Mkasi.

Saa tano na robo nyota ya dhahabu iliwaka pembeni mwa jina lake. Simu ililia palepale. "Umemwambia?" dada mtu aliuliza.

"Sasa hivi, dada. Ndiyo nainuka."

Na kweli alikuwa anainuka. Lakini skrini ilitoa mlio mpya, wa Mhakiki Mkuu peke yake, kumjulisha kwamba kuna picha imeshapata maoni mawili na inasubiri la tatu. Hakuweza kuiacha kazi yake ya kwanza ikingoja. Picha iliitwa "Mimi na Baba." Ilikuwa ya mwanachama mpya, aliyejiunga Ijumaa na kuandika "nzuri" mara tatu. Mkasi hakusoma jina. Hakuwahi kusoma majina, na wala hakutazama watu ni akina nani. Mhakiki akianza kutambua watu, alipenda kusema, haki imekwisha. Aliisogelea skrini, akaitazama dakika nne kamili. Alichokitambua ni mwanga.

"Hongera kwa kazi," aliandika. "Ila imejaa mno. Kushoto kuna wanawake wawili na shuka, na mkono usio na mwenyewe, uliokatwa kwenye kifundo, jambo ambalo halikubaliki. Juu kulia kuna kidole. Kata kushoto, kata kulia. Mwanga umekaa vizuri mno, uache peke yake."

Akabonyeza TEKELEZA.

Kilichobaki kilikuwa ubavu wa kabati na doa la mwanga ukutani. Kabla hajamaliza chai yake picha ilikuwa imepata mioyo mia nne na kumi, na mtu wa mbali aliandika kwamba ameona ndani yake upweke wa binadamu wote.

Mlango uligongwa. Mkewe alifungua. Walikuwa wawili, mmoja wa gauni la kijani na mmoja wa kichwa cheupe, wameshika shuka moja lililotanda kati yao, na mkono wa baba katikati. Nyuma yao, ngazini, kilikuja kidole gumba alichokifahamu.

"Piteni, wifi zangu," alisema, akausogeza mlango mpaka mwisho ili shuka lisikwame. "Futeni miguu."

Walifuta miguu, wakaenda nyuma ya kabati, ambako walikaribishwa, wakajibana. Sasa walikuwa watatu. Mkewe Mkasi aliongeza mistari miwili kwenye karatasi yake, na nusu mstari kwa ajili ya kidole. Kisha akatoa dawa ya kuchua kwenye droo ya chini, akaanza kuwapaka mabega mmoja baada ya mwingine, na dawa ikaisha kwa wa pili. Mumewe hakumsemesha, maana lile jicho lilikuwa bado halijaisha ukali.

Simu ya Mkasi ililia tena.

"Mdogo wangu, umemwambia kweli? Mbona yamezidi? Mkono huu nilioshikia shuka sasa hata kikombe hauinui."

"Jaribu mto mwembamba, dada. Narudi kwako sasa hivi."

Akaiweka simu mezani, akageuka. Mwanga ulikuwa umejaa sebule mpaka kwenye nyufa za sakafu. Ulipita dirishani ukaenda kuupaka ukuta wa ghala, na mzee mwenye ufagio, kwenye kona yake ya alfajiri, ilibidi afumbe macho kidogo. Katika maisha yake yote Mkasi hakuwahi kuona mwanga kama ule, na ilimuuma kwamba mbele yake hapakuwa na kitu cha kupiga.

Kutoka nyuma ya kabati sauti tatu ziliuliza kwa pamoja, kwa upole, "Umeshapiga?"

Alinyoosha mkono akachukua kamera, akafumba jicho moja.

"Bado kidogo, dada," alisema. "Msitikisike."